Nani Alimwangusha?

Mwaka ule wa 1988 Nekesa alitaka kitu kimoja tu: barua yake irudi kutoka Uingereza bila wino mwekundu.

Msimcheke. Mwalimu Waithaka, aliyefundisha watu wazima Kiingereza katika ukumbi wa kanisa hapo Bungoma, alikuwa ametamka mbele ya darasa zima kwamba wa kwanza kuleta barua safi atakuwa msaidizi wake, asimame ubaoni na chaki mkononi. Nekesa aliachia shule darasa la sita, akakalishwa kwenye cherehani, na tangu hapo alikuwa akishonea watoto wa wenzake sare za shule huku roho ikimuuma. Chaki ile aliitaka kwa kufa na kupona.

Barua za darasa zilikwenda kwa Bwana Harold na mkewe Doreen, walimu wastaafu waliojitolea kuzisahihisha. Mzee alisahihisha kwa kalamu nyekundu, na mama akaongeza salamu zake chini kwa penseli.

Safari hii kazi ilikuwa kupendekeza filamu. Bahati iliyoje! Jumamosi iliyopita Nekesa alikuwa Kitale kwa dadake Edah, na mchana wakaenda kutazama sinema ya mjane mmoja aliyepeleka barua milimani kwa punda. Aliipenda hadi soda ikapata joto mkononi. Basi akaandika ukurasa mzima, kwamba yeyote mwenye macho aitazame.

Miezi miwili baadaye ukurasa ukarudi umejaa wekundu. Pale alipotaka kusema waigizaji walicheza vizuri, aliweka ile r yetu ya Bungoma mahali pa l, na kwa Kiingereza "played" ikawa "prayed", yaani kwamba walisali vizuri. "Je, hii ni filamu ya kanisa?" aliuliza Bwana Harold. Darasa likavunjika mbavu, na Nekesa akacheka nao. Hilo lilikuwa kosa lake, alilikubali.

Lakini kosa la mwisho lilimkaa kooni. Aliandika kwamba mjane yule alipoteleza na punda wake, soko zima lilimwambia "sori", na hata yeye Nekesa, kitini kwake Kitale, alisema sori. Bwana Harold alilizungushia neno hilo duara. "Kwa nini wamwombe msamaha? Nani kati yao alimwangusha?"

"Ati nani alimwangusha?" Nekesa alimgeukia Waithaka. "Si ameanguka mwenyewe! Hiyo ni pole, mwalimu."

"Kwao mtu akianguka, sori ni ya aliyemsukuma."

"Na mimi niliyesimama kando nasema nini?"

Waithaka alikuna kidevu. "Unamuuliza kama ameumia."

"Naona goti linatoka damu, halafu niulize? Maajabu haya!"

"Mama, futa hilo neno upate chaki yako."

Ushauri ulikuwa mzuri, ila udadisi ulikuwa umeshamwingia. Wiki nzima alikaa kwenye cherehani akitegea sikio. Pole kwa kazi. Pole kwa safari. Mtu amenyeshewa, pole. Mtu amefiwa, pole. Mukhisa, mwenye duka ambalo Nekesa alishonea barazani pake, alijigonga kichwa mlangoni na watu wanne wakampa pole kabla hajamaliza kusema aah. Hakuna hata mmoja aliyemgonga. Sasa hawa wenzetu, Nekesa alijiuliza, wakijigonga inakuwaje?

Akaandika upya. Alirekebisha kila kitu, isipokuwa sori. Hiyo aliiacha palepale, akaongeza sentensi moja: "Hakuna aliyemwangusha, bwana, lakini sisi husema hivi ili asianguke peke yake." Akaipeleka posta akijiita mjinga njia nzima, maana alijua chaki inaweza kumponyoka hivi hivi.

Barua ikarudi Julai. Hata nukta nyekundu haikuwamo! Nekesa alipiga kigelegele hadi Mukhisa akatoka dukani mbio, akidhani nyoka. Alikimbia mpaka ukumbini na tepu ya kupimia ingali shingoni. Waithaka aligeuza karatasi mbele na nyuma, akacheka, akampa kipande kizima cha chaki. Kisha akaona penseli chini, na uso wake ukabadilika.

"Hii isome mwenyewe, mama," alisema.

Doreen alikuwa ameandika: "Harold aliisoma barua yako hospitalini. Alifungua kalamu, akafika kwenye sori, akaisoma sentensi yako mara mbili, akaifunga kalamu. Akasema hii iende ilivyo. Alifariki Alhamisi. Majirani wakiniona wanavuka barabara, hawajui waniambie nini. Nekesa, kwa lugha yenu neno hilo huandikwaje? Na mtu akiambiwa, hujibu nini?"

Nekesa alilia mbele ya wote, chaki mkononi, wala hakujificha. Kisha akaenda ubaoni na kuandika herufi nne kubwa: POLE. Watu kumi na wanne wa darasa wakalinakili neno hilo mmoja mmoja kwenye karatasi moja, kila mtu kwa mwandiko wake na jina lake kando.

Chini kabisa palibaki nafasi ndogo, na hapo msaidizi wa mwalimu akaandika jibu la swali la pili.

"Mtu akiambiwa pole, hujibu: nimeshapoa. Lakini wewe usijibu bado."