Sweta la Mjane

Sweta lilikuwa jeusi, lenye vifungo vitano vikubwa kama vifuniko vya soda, na nililivaa miaka mitatu bila kujua kwamba nimefiwa.

Mama Mchungaji ndiye aliyenipa. Lilitoka kwenye kifurushi cha kwao, huko mbali walikotoka kuja kutuhubiria. "Kina mama wa kanisa letu wamekufumia, dada."

"Wamenijulia wapi?"

"Nawaandikia habari zako kila mwezi."

Kichwa kilinivimba wiki nzima. Nilikuwa mpishi wao tu, mimi wa darasa la saba, kumbe ninasomwa! Mume wangu alicheka mpaka akaweka randa chini. "Sasa wewe mtu wa ng'ambo. Kesho itabidi niombe miadi nikitaka chai."

Yeye alikuwa seremala. Mimbari ya kanisa lile aliichonga yeye, na mabenchi, na kitanda cha ghorofa cha watoto wa mchungaji. Pombe hakuwahi kuionja. Harufu yake ilikuwa ya gundi na msonobari.

Na Mama Mchungaji alikuwa wangu, nisiseme uongo. Alipolazwa na homa, watoto wake walilala kwangu, wakinipiga mateke mbavuni kama punda. Lugha yetu nilimfundisha mimi, tukimenya viazi. Siku za kuandika barua aliketi mezani na ile mashine yake ikigonga ta-ta-ta, nami namwekea kikombe karibu na mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na haraka.

"Unawaambia nini leo?"

"Kazi ya Bwana tu, dada."

Mwaka wa sita wakaja wageni kutoka kwao, saba, wakajazana sebuleni. Nikaitwa. Nikavaa sweta langu, joto lote lile, kwa heshima. Bibi mmoja wa nywele nyeupe aliponiona alishika vifungo, kimoja kimoja, akaanza kulia. Ndiye aliyelifuma.

Akasema kwa lugha yao, "Mwambie, tangu mumewe afe kwa ulevi, kila Jumatano tunamwombea."

Mama Mchungaji akanigeukia. "Anasema amefurahi sana kukuona."

Sasa, miaka sita walikuwa wakitumia lugha ile kunificha mambo pale mezani, nami nikipakua mchuzi. Mtu akikuficha kitu kila siku kwa maneno yaleyale, mwishowe anakuwa mwalimu wako. Yeye hakuwahi kuniuliza kama nimefaulu.

Nikafungua kifungo cha juu cha sweta. Kabla sijafika cha pili, mlango ukasukumwa kwa mguu: mume wangu, na viti viwili begani, vya wageni waliokosa pa kukaa.

"Na huyu ni nani?" akauliza bibi.

Mama Mchungaji alinitazama. Ungeyaona macho yale! Yalikuwa yameshanipigia magoti. Kisha akasema kwa lugha yao, "Ni fundi wa kanisa."

Ningemeza yote, nadhani. Habari zangu, hata machozi ya bibi wa watu. Lakini mume wangu alikuwa amesimama pale na jasho lake, akitabasamu kwa watu waliokwisha kumzika.

Nikafungua kinywa, na lugha yao ikatoka, ya jikoni, yenye kuchechemea, lakini inatembea. "Huyu ndiye marehemu," nikasema. "Mpeni mkono. Ni mzima, na hanywi."

Hakuna aliyecheka. Mume wangu peke yake ndiye aliyecheka, maana hakuelewa neno. Akawapa mkono wote saba.

Mama Mchungaji alinifuata jikoni, mashavu yamewiva.

"Kina mama wa kwetu walikuwa wanachoka na sisi, dada, sadaka zinapungua. Ningewaandikia nini? Kwamba nimemkuta mwanamke mwenye furaha, na Biblia anaijua kunishinda?"

"Ungeandika hivyohivyo."

"Nani angemfumia sweta?"

 Nikageuza viazi visiungue. Aliponishika bega nilimwacha alishike, kwa sababu mikono yangu ilikuwa na mafuta. Hakuna sababu nyingine.

Mwaka uleule akina Mchungaji walihamishwa. Sweta nilikuwa nimejaribu kulirudisha siku wageni walipoondoka, bibi akakataa, akalifunga vifungo vyote mwenyewe kifuani pangu bila kuniangalia usoni.

Mume wangu alikufa kweli miaka kumi na minane baadaye, kifua, si chupa. Nilimwandikia Mama Mchungaji, kwa mkono wangu na kwa lugha yao, nikaweka na picha ya mimbari. Jibu sikupata. Labda anwani ilibadilika. Au labda pole zangu zilikwisha kutolewa zote, zikaisha.

Siku ya mazishi kulikuwa na baridi. Nikalitoa sweta kwenye sanduku la nguo. Vifungo vyote vitano vilikuwepo.