Msusi wa Wodi ya Tatu

Dada yangu alipopewa rufaa ya kutibiwa nje ya nchi, ndugu walikaa wakaamua mimi ndiye nimsindikize. Mumewe alishafariki, wanangu ni wakubwa, na mimi ni msusi. Naweza kufunga saluni bila kumwomba mtu ruhusa.

Tulitarajia wiki mbili, zikawa sita. Kila asubuhi walimtundikia dripu, akapitiwa na usingizi, nami nikabaki kwenye kiti cha plastiki nikitazama vigae. Lugha ya pale sikujua hata salamu.

Kwenye kitanda cha jirani alilala bibi mmoja asiyetembelewa na mtu. Nywele zake zilikuwa zimeshikamana kisogoni kama sufi ya godoro kuukuu, na kila akigeuza kichwa alikunja uso. Siku ya tano uvumilivu ukanishinda. Nikamwonyesha muuguzi mkuu kitana, nikamwelekezea yule bibi. Akaniletea beseni la maji ya moto, na kesho yake akanibandika kifuani kadi yenye picha yangu.

"Imeandikwa wewe ni mtu wa kujitolea," mkalimani wa hospitali akanieleza. "Mshahara hakuna, ila chai utapata."

Nikaanza kazi. Kwanza mafuta, kisha kufumua taratibu kuanzia nchani, kuosha, halafu mistari mikubwa isiyobana, maana mgonjwa analalia kichwa. Wawili asubuhi, wawili mchana.

Dada hakufurahi. "Hivi umekuja kuniuguza mimi au kusuka hospitali nzima?"

"Ukilala mimi nifanye nini, dada?"

"Unitazame."

Nywele zake mwenyewe dawa zilikuwa zimezimaliza. Kichwa nilichojifunzia kusuka nikiwa na miaka tisa sasa kilikuwa laini kama kiganja. Siku mbili sikugusa kitana. Ya tatu akasema mwenyewe, "Yule bibi anakutolea macho tangu asubuhi. Nenda, mdogo wangu. Hayo mafuta nipe mimi nishike."

Tangu hapo alikaa kwenye kiti cha magurudumu, kopo la mafuta mapajani, akiwatania wagonjwa kwa lugha yetu. "Mama, tulia, huyu fundi ana hasira za karibu." Hawakumwelewa hata neno, lakini walicheka kwa jinsi alivyokuwa akicheka. Jioni moja aliniambia kwamba siku nzima hakukumbuka maumivu ya tumbo lake.

Alhamisi moja nikakuta kitanda cha bibi kimetandikwa shuka jipya. Kwa kuwa hakuwa na ndugu, hospitali ndiyo ilimzika. Muuguzi mkuu akamwita mkalimani aniambie kuwa waliomwosha walimsifia nywele. Nilishukuru, kisha nikaenda chooni nikalia.

Wiki ya sita daktari akatuita. Alisema maneno mengi, na mkalimani akaanza kutafsiri kwa kunong'ona.

"Sema tu kwa sauti," dada akamwambia. "Ugonjwa uko tumboni, si masikioni."

Dawa zilikuwa zimeshindwa. Turudi nyumbani.

Siku ya kuondoka alitaka nimpitishe kitanda kwa kitanda aage. Vitanda kumi na viwili; tuliowakuta siku ya kwanza walikuwa wamebaki wanne. Mmoja alimshika mkono na hakuuachia, mpaka muuguzi akaja kumbembeleza.

Dada alifariki wiki ya nne baada ya kurudi, akiwa amelala ubavu, ameukabili ukuta. Msibani shangazi akaniuliza, si kwa ubaya, "Safari yote ile, huko mlipata nini?"

"Uponyaji hatukupata, shangazi."

"Najua. Nauliza mlipata nini."

Nikamwambia kuhusu zile siku za mafuta na vicheko. Aliitikia kwa kichwa, lakini niliona hakuelewa, na mimi sikuwa na namna nzuri zaidi ya kulieleza jambo lile.

Baadaye nilikwenda hospitali ya hapa kwetu, nikaomba niwe nawasuka wagonjwa kila Jumanne, bure. Katibu alinisikiliza vizuri. Akasema wodi ya wanawake haina maji, nirudi mwezi ujao. Nimesharudi mara mbili. Maji bado hayajatoka, na mara ya mwisho katibu mwenyewe alikuwa amehamishwa.