Tarishi Aliyejifunza Kusoma Milango

Alhamisi, tarehe sita Machi, manyunyu tangu alfajiri. Jioni tarishi wa ofisi ya ardhi alifika darasa la watu wazima akakuta mtu ameketi kwenye dawati lake, viatu vikidondosha maji. Alimtambua. Alikuwa tarishi wa kwenye runinga, yule wa tamthilia ya vichekesho, ambaye kwa miaka kumi na mmoja alipeleka barua kusikohusika kwa kuwa hajui kusoma, na watu wote wakampigia kelele, "Mlango siyo!" Kwa sababu yake, tarishi wa kweli naye aliitwa Mlango Siyo.

"Sogea kidogo, ndugu yangu."

"Niwie radhi, kaka. Nimechoka kuchekwa."

"Umechoka wewe unayelipwa? Mimi nachekwa bure."

Mwalimu alifungua kipindi kwa dua, akampa mgeni daftari, akamwandika kwenye mahudhurio.

Tarishi wa kweli alisoma ili apate kazi ya karani wa masjala, chumba cha mafaili ambacho kwa miaka ishirini na miwili aliishia kizingitini. Mgeni hakusema anasomea nini. Hakukosa kipindi, ila Alhamisi aliondoka mapema kwenda kukosea mlango.

Ijumaa moja ya Agosti, saa ya chakula cha mchana, runinga ya kantini ilirudia kipindi cha jana. Tarishi wa tamthilia alisimama, akasoma kibao taratibu, akagonga mlango wenyewe. Vicheko vya kurekodiwa vilianza kwa mazoea, vikanyamaza. Wiki zilizofuata alipata mke, goti bovu, na maoni yake kuhusu mvua. Watazamaji waliongezeka.

Septemba, tarishi wa kweli aliomba kazi ya masjala; akapewa mpwa wa meneja.

"Mlango Siyo, lete chai!" mhasibu aliita kantini, kipindi kikiendelea.

Tarishi aliweka sinia mezani.

"Jamani, ninyi ni mashahidi. Novemba nafanya mtihani…"

"Chai inapoa, mzee!"

Watu walicheka. Kwenye runinga, tarishi mwenzake aliacha kupanga barua, akawatazama.

"Mwacheni amalize," alisema.

Walimwacha.

"Naahidi, mbele ya Mungu na mbele yenu: nitaiomba kazi ile tena, na tena, mpaka mchoke ninyi."