Sura za Mfalme Mgonjwa

Katika karakana ya Mama Pazia, asubuhi ilikuwa ya cherehani na mchana ulikuwa wa sindano. Asubuhi hakuna aliyemsikia mwenzake. Mchana, mashine zikishazimwa na kubaki pindo za kushona kwa mkono na pete za mapazia za kutia, chumba kilinyamaza, na hapo Wifi alivuta kiti chake karibu na dirisha, akafungua kitabu, akasoma kwa sauti.

Wifi alikuwa mke wa kaka yake Mama Pazia. Kaka mwenyewe alikuwa amefariki, lakini uwifi haukufa naye. Pale karakana wote walimwita hivyo: Mama Pazia kwa haki yake, Mkasi, mwanamke aliyekata vitambaa, kwa mazoea, na Sponji, fundi wa makochi, kwa sababu hakuwahi kuambiwa jina jingine. Hata wateja waliuliza, "Bi Wifi yupo?" Alikuja kushona baada ya msiba, kisha kifundo cha mkono kikaanza kumsumbua hadi daktari akamkataza kushika sindano kwa muda. Kukaa bure kulimshinda, ndipo akaanza kuwasomea wenzake.

Walichosoma kiliitwa *Mto Uliogeuka*, hadithi moja ndefu iliyogawanywa katika vitabu vingi, kila kimoja kizito kama tofali. Ilihusu nchi ambayo asubuhi moja mto wake ulianza kutiririka kuelekea milimani, na mhunzi kiziwi ambaye peke yake alijua kwa nini. Kufikia kitabu cha tatu, Sponji alikuwa akimeza chakula bila kutafuna ili wawahi kuanza. Kufikia cha tano, mteja yeyote msumbufu aliitwa Malkia wa Kusini, na ilibidi Mama Pazia awakanye wapunguze sauti. Kitabu cha sita kiliishia pale mhunzi alipofukiwa pangoni na jeshi zima la adui likapita juu yake.

Kisha kikaja cha saba, na mhunzi hakuonekana. Zilipita kurasa na kurasa za vikao vya baraza, wazee wakibishana kuhusu kodi ya maji na nani akae mkono gani wa mfalme.

"Huyu mwandishi ameishiwa," Mkasi alisema, akikunjua jora la kitambaa mezani. "Ananiachia mhunzi chini ya mawe, halafu ananiletea wazee wa kodi? Mimi nimewaomba?"

"Nchi haiendeshwi kwa nyundo peke yake," Sponji alijibu, pini zikiwa midomoni. "Mimi vikao navipenda. Naona kila mtu anavyojitafutia."

"Unavipenda kwa sababu unasinzia."

"Basi nasinzia kwa raha zangu."

Mama Pazia yeye aliuliza jambo moja tu. "Mhunzi yuko hai?"

"Hawajasema," Wifi alijibu.

"Basi soma."

Siku moja walifika mahali mfalme anakufa. Ilikuja kwa kishindo. Mfalme alikuwa barazani akiwapangia majemadari kazi, na mara Wifi akafungua ukurasa ambao watu wote wa mji wamevaa vitambaa vyeupe na kiti cha enzi kimegeuzwa ukutani.

Mkasi aliacha kukata. "Amekufaje?"

"Amekufa tu," Wifi alisema, akaendelea.

"Vitabu sita tunamlea mfalme wa watu, cha saba anakufa kama nzi! Hakuna kuugua, hakuna kuaga!"

Sponji naye, ambaye hadi siku hiyo alikitetea kitabu, alikiri kwamba hapo mwandishi amewakosea adabu.

Mkasi alikuwa kwenye kundi la wasomaji kwenye simu, watu wasiojuana ila kwa hadithi hiyo. Mle ndani kitabu cha saba kilikuwa kimewagombanisha. Mmoja aliandika kwamba ni ngazi ndefu isiyo na nyumba juu yake. Mwingine alijibu kwamba wanaolalamika ni wale wanaosoma kwa ajili ya mapanga tu, na sasa wamekutana na kitabu cha watu wazima. Wa tatu alisema mwandishi bila shaka analipwa kwa kilo. Mkasi akaingiza lake: kwamba mfalme ameuawa ghafla, bila heshima, na yeye hatasamehe.

Wakamcheka. "Ghafla? Dada, umesoma kitabu gani?" mmoja aliandika. "Mfalme anaugua sura nne nzima. Mimi nililia mpaka mume wangu akaja kuuliza nani amefariki kwetu."

Kesho yake mchana, kabla Wifi hajafungua kitabu, Mkasi alisimama mbele yake na simu mkononi.

"Wifi, mfalme aliugua?"

Wifi alikilaza kitabu kifudifudi mapajani. Sponji alinyoosha mkono, akasema kwa upole, "Naomba nione," naye akampa kitabu. Sponji alirudi nyuma, akapekua, akasoma vichwa vya sura kimyakimya, kisha akatikisa kichwa.

"Zimo," alisema. "Zote nne."

"Niliziruka," Wifi alisema. "Zinachosha."

"Vikao vya kodi hukuviruka."

Sponji hakusema kwa hasira, na pengine ndiyo maana maneno yalikaa hewani. Hasira alikuwa nayo Mkasi. "Tumekaa hapa tunamtukana mtoto wa watu bure! Nimejiaibisha mbele ya kundi zima!"

"Basi jisomeeni wenyewe," Wifi alisema. Alichukua pazia lililokuwa juu ya rundo, akatia uzi kwenye sindano, akaanza kushona pindo. Mkono ulikuwa umepona nusu tu, na kila mshono ulionekana usoni mwake. Mama Pazia aliona, akaendelea na pindo lake.

Siku zilizofuata hapakuwa na kusoma. Walijaribu redio, ikawaletea matangazo ya godoro na mtu anayefoka kuhusu mpira, wakaizima. Mkasi alikata kitambaa cha mteja kifupi kuliko kipimo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mwishowe Sponji akanawa mikono, akakaa kwenye kochi ambalo hakuwa amelimaliza, akafungua kitabu kwenye sura ya kwanza ya mfalme mgonjwa.

Alisoma vibaya. Alisoma kama mtu anayeteremsha kabati kwenye ngazi: hatua mbili, anapumzika, anageuza upande, anaendelea. Lakini hadithi yenyewe ilipita. Mfalme amelala kitandani, malkia yuko kando yake. Mwanga wa asubuhi unaingia. Mfalme anawasamehe maadui zake mmoja mmoja kwa majina, anampa kila mwanawe neno la kushika, anaeleza kwa utaratibu mzuri nini kifanyike na mto. Malkia anamshika mkono, nywele zake zimesukwa na kutiwa shanga za fedha, na chozi moja linamdondoka.

Mkasi alijifuta macho kwa pazia la mteja. "Namwomba mwandishi radhi," alisema.

"Hapa ndipo penye kitabu," Sponji alisema. "Katika vyote saba hakuna pahali kama hapa."

"Uongo mtupu," Wifi alisema.

Hakuwa ameinua kichwa. Sponji aliweka kidole kwenye mstari asije akaupoteza.

"Uongo upi, Wifi?"

"Wote. Mtu aliyelala kitandani miezi hatoi hotuba. Mdomo umemkauka. Anataka maji, ukimpa hayataki. Anakuuliza kama mlango umefungwa, unamwambia umefungwa, unakaa, anakuuliza tena. Na huyo malkia, nywele zimesukwa! Nani amemsuka? Saa ngapi? Mimi nilikuwa nalala na viatu." Sindano ilisimama. "Chozi moja! Angenionyesha mimi linavyodondoka moja."

Mkasi alilishusha lile pazia alilojifutia macho.

Mama Pazia aliweka chini pazia lake. Siku za mwisho za kaka yake hakuwepo. Kulikuwa na kazi ya hoteli, mapazia ya vyumba vyote, na kaka mwenyewe alimwambia kwenye simu amalize kwanza. Alipofika, kaka hakuwa anasema tena. Tangu hapo yeye na wifi yake walikuwa wamezungumza kila kitu: kitambaa, kodi ya pango, kifundo cha mkono. Hilo la siku za mwisho hakuliuliza, na Wifi hakulisema. Kila mmoja alidhani anamstahi mwenzake.

"Alikuwa anauliza mlango?"

"Kila mara."

"Upi?"

"Wa jikoni. Mimi nikasema ni homa."

"Haikuwa homa." Mama Pazia alisema polepole. "Tulipokuwa watoto, kufunga mlango wa jikoni ilikuwa kazi yake. Baba alikuwa hamwamini. Akishalala, Baba anamwita toka chumbani: umefunga? Akijibu nimefunga, haitoshi. Mpaka aseme, nimetia komeo."

Wifi alimtazama. "Komeo?"

"Komeo. Ndipo Baba ananyamaza, tunalala wote."

"Wifi, miezi yote ile!" Wifi alisema. "Neno moja tu!" Akacheka, na kicheko kikamgeukia katikati, akalia huku bado ameshika pindo la mtu. Mama Pazia alihamisha kiti chake, akakaa karibu naye. Mkasi alikwenda kuleta maji, ingawa jagi lilikuwa pale pale mezani.

Baadaye kidogo Mama Pazia aliuliza, "Mimi aliniulizia?"

"Alikuulizia sana. Kwa lile jina lenu la utotoni. Sitalitaja mbele ya Mkasi."

"Mimi nimekosa nini?" Mkasi alilalamika, na Mama Pazia akacheka kwa sauti ambayo hawakuwa wameisikia muda mrefu.

Sponji alikuwa bado ameshika mstari wake. "Sasa niendelee, au niruke?"

"Usiruke," Wifi alisema, akijipangusa uso. "Soma tuone anavyoumaliza huo uongo wake."

Sura za mfalme mgonjwa ziliwachukua siku nyingi kuliko vikao vyote vya kodi, kwa sababu Wifi aliwasimamisha kila ukurasa. Alimsahihisha mwandishi kuhusu mashuka, kuhusu dawa, kuhusu wageni wanaokuja kumwona mgonjwa na kukaa kama wamekuja harusini. Mama Pazia aliuliza, naye akajibu. Mengine walicheka. Mkasi alipeleka baadhi ya masahihisho kwenye kundi, na ugomvi ukawaka upya. Wapo waliosema mama huyo yuko sahihi kabisa. Mmoja aliandika kwamba anayesoma habari za mto unaopanda mlima asimtafute humo mgonjwa wa kweli. Wifi alipoambiwa, alifikiri kidogo, akasema huyo naye ana hoja.

Mhunzi alitoka pangoni karibu na mwisho, akanywa maji, kitabu kikaisha. Sponji alisema ni kitabu bora cha vyote. Mkasi alikipa nyota mbili kundini, akaongeza ya tatu kwa ajili ya mfalme. Wifi alisema hajawahi kusoma kitabu kibaya kama hicho, akauliza cha nane kinatoka lini.

Jumapili iliyofuata Mama Pazia alikwenda nyumbani kwa wifi yake, na wakakifungua chumba alichougulia kaka, kilichokuwa kimefungwa tangu msiba. Walitoa godoro juani, wakakunja mashati, wakabishana lipi lilikuwa la harusi na lipi la kazi. Yaliyoonekana yatamtosha Sponji walimpelekea Jumatatu. Yalimbana mabegani, lakini aliyavaa.