Kinachoumuka Hakifunuliwi

Watu wa mchana hawajui kunong'ona. Nasema hivi bila kinyongo, maana nimeolewa na mmoja wao na nimemzaa mwingine. Usiku mtu akiangusha sufuria, mtaa mzima unauliza ni nani huyo asiye na adabu. Mchana angusha hata kabati, hakuna atakayegeuza shingo. Sisi tunaofanya kazi usiku tunanyata wenzetu wakilala, halafu ikifika zamu yetu ya kulala, dunia inaanza kupigilia misumari.

Mimi naoka mikate. Kiwanda chetu si kikubwa: mashine mbili za kukandia, chumba cha kuumulia chenye joto la mvuke, tanuri lenye mlango mzito, na meza ndefu inayovijua viwiko vyangu. Naingia watu wakikaa kula chakula cha jioni, natoka magari ya mikate yakianza kutawanyika. Nikifika nyumbani, mume wangu yuko mlangoni anatoka. Yeye ni kinyozi. Ananipa habari za binti yetu, ananiambia, "Lala salama," namwambia, "Kazi njema," na hiyo ndiyo ndoa yetu Jumatatu mpaka Ijumaa. Tunapendana sana, msidhani. Ugomvi unataka watu wawili walio macho kwa wakati mmoja.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka mkuu wa zamu yetu alipoacha kazi. Alikuwa fundi hasa, lakini mchana alikuwa akiuza viatu, na usiku akawa anasinzia kwa kusimama. Siku moja alisinzia mbele ya tanuri, mikate ikawa makaa, akaaga mwenyewe kabla hajaagwa. Msimamizi wetu tunamwita Mizani, kwa kuwa haamini kitu mpaka akipime. Aliniita akaniambia nafasi ile ananifikiria mimi, ila kwanza niongoze zamu aone.

"Wiki moja tu," alisema. "Bila kosa."

Niliitaka nafasi ile, sitaficha. Nilikuwa nimechoka kuulizwa maoni kisha yasifuatwe. Nilitaka, kwa mara moja maishani, neno la mwisho kuhusu unga liwe langu. Nikarudi nyumbani miguu haikanyagi chini, nikamkuta mume wangu mlangoni anacheka kicheko cha mtu aliyevunja kikombe cha watu.

"Mama anakuja kesho," alisema. "Wiki moja tu."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu aliugua.

Mama mkwe wangu ni mfupi, mwepesi, na hawezi kukaa bila kushika kitu mkononi. Alikuwa amesikia kwamba nafanya kazi usiku, lakini kusikia si kuona. Alichokiona yeye ni mke wa mwanawe amelala huku jua liko utosini. Siku ya kwanza alifungua mlango wa chumba taratibu, akasogeza pazia, mwanga wote ukaniingia machoni.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Hapana, Mama. Nimelala tu."

"Saa hizi?"

"Nimetoka kazini, Mama."

"Ah, pole." Akafunga mlango. Sijageuka ubavu, akaufungua tena. "Kijiko kikubwa mnakiweka wapi?"

Siku ile aliamini naumwa. Siku ya pili aliamini nina mimba, akaniletea maji ya limau kila nilipofumba macho. Siku ya tatu akakata shauri kwamba mimi ni mvivu, na hapo ndipo shughuli ilipoanza. Alifagia uvunguni mwa kitanda nikiwa juu yake. Alimwita jirani yetu, fundi wa redio, wakazungumza kupitia dirisha langu, huku fundi akijaribu spika moja baada ya nyingine ili Mama achague ipi ina sauti nzuri. Zote zilikuwa na sauti nzuri. Na kila nilipoanza kuzama usingizini, mlango ulifunguka, na kijiko kikubwa kilikuwa kimepotea tena.

Jioni moja nikiwa najifunga kitambaa cha kichwa nilimsikia akimwambia mwanawe sebuleni, "Mkeo ni mzuri na ana heshima, lakini analala kama pono. Kazi gani hiyo isiyoonekana? Mwambie aiache. Nikiondoka hapa nataka niwe nimelisikia hilo kwa masikio yangu."

Nikamsubiri mume wangu anitetee. Alikohoa. Kinyozi hajinyoi, na wangu hata kumjibu mama yake hawezi.

Basi Alhamisi yake nikaingia kazini macho yamejaa mchanga. Sasa nieleze kidogo, maana bila hili kosa langu halitaeleweka. Kwetu chumvi hupimwa kwenye bakuli dogo la bluu, likawekwa wazi kando ya mashine. Ukishaimwaga kwenye unga, bakuli unalifudikiza. Bakuli likiwa kifudifudi, kila mtu anajua chumvi imeingia, asije mwingine akaitia mara ya pili. Ni desturi ya wakubwa waliotutangulia na haijawahi kutuangusha, mradi mtu akumbuke kuligeuza bakuli anapoanza unga mpya.

Sikukumbuka. Mkando wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili nilitia unga, maji, hamira, sukari na mafuta, nikatazama bakuli, nikaliona kifudifudi kama nilivyoliacha, nikasema moyoni, hodari wewe, chumvi umeshatia. Nikawasha mashine. Unga ukaumuka upesi kuliko siku zote, ukapanda mpaka ukingoni mwa vibati vya kuokea, nami nikajisifu. Unga usio na chumvi ndivyo ulivyo, hupanda mbio kwa kuwa hauna wa kuushika. Nalijua hilo hata nikiwa usingizini. Lakini usiku ule sikuwa usingizini wala macho.

Mikate ilitoka imepauka. Mizani akaumega mmoja, akatafuna, akauweka mezani. Hakufoka. Heri angefoka. Alisema mikate ile haitapakiwa, wafanyakazi wajigawie, na kuhusu mimi atafikiri.

Nilifika nyumbani na mikate miwili kwapani. Mume wangu alikuwa ameshatoka na mtoto. Mama alikuwa jikoni, kashika kitambaa, anafuta meza iliyokwisha kung'aa. Nikaweka mikate mbele yake, nikakaa bila hata kuvua viatu. Akamega kipande, akatia mdomoni kwa adabu tu. Akaacha kufuta.

"Huu mkate umetoka wapi?"

"Kazini, Mama."

"Hauna chumvi."

"Najua."

"Mtamu!" Akamega tena, kipande kikubwa zaidi. "Tangu daktari aninyang'anye chumvi sijala mkate wa dukani. Huu naula mpaka mwisho. Nani aliyeuoka? Nataka nimpe mkono."

Nikacheka. Nikacheka mpaka kicheko kikageuka, machozi yakanitoka, na maneno yakatoka nayo.

"Ni mimi, Mama. Nimeuoka kwa makosa. Chumvi nimeisahau kwa sababu sijalala wiki nzima. Kila nikifumba macho unafungua mlango. Walitaka kunipa ukuu wa zamu, na nadhani nimeshaukosa."

Nilipomaliza niliogopa. Sijawahi kumpandishia sauti mama mkwe, na jikoni hamkuwa na mahali pa kujificha. Akakigeuza kipande cha mkate mkononi.

"Mimi nilikuja kukuona wewe," alisema. "Huyu kinyozi nimemlea mwenyewe, namjua ndani na nje. Wewe ndiye nilitaka tukae, tuongee. Sasa nakuja mlangoni nasikia pumzi tu. Nyumba imenyamaza, mtoto yuko shule. Nikaona nikiuliza kijiko, angalau utanijibu."

"Umeniuliza kijiko mara ngapi, Mama?"

"Nyingi." Akatazama chini. "Na nilikuwa nacho mkononi."

Sijui ni nani aliyeanza, lakini tulicheka wote wawili. Kisha akaniuliza huko usiku tunafanya nini hasa, akauliza kweli, kama mtu anayetaka kujua. Nikamweleza mashine, tanuri, na chumba cha mvuke ambamo unga unaachwa umefunikwa mpaka uwe tayari. Nikamwambia mtu akiufunua kabla ya wakati, ubaridi unaingia na unga wote unanywea, unabaki chapati.

"Kumbe," akasema. Akafikiri kidogo. "Na mimi nimekufunua wiki nzima."

Akasimama, akanishika bega akaniongoza chumbani kama mtoto, akavuta pazia, akanifunika shuka mpaka kidevuni. Mlango ulifungwa, na haukufunguliwa tena.

Nililala. Nililala usingizi ule ambao ukiamka unajiuliza hii ni leo au kesho. Hakuna redio, hakuna ufagio. Nilipofungua mlango jua lilikuwa linashuka, na Mama alikuwa kwenye kiti, kakiweka katikati ya njia, ufagio uko mapajani kama bunduki ya mlinzi.

"Yule fundi nimemhamishia nyuma ya nyumba, yeye na spika zake," alisema. "Na kuna mtu mwingine alikuja kukuulizia. Mtu mzima, kachomeka kalamu sikioni. Kasema ni msimamizi wako."

"Ukamwambia nini, Mama?"

"Nikamwambia umelala. Akasema ni jambo la dakika moja, uamshwe. Nikamwambia hata angekuwa msimamizi wa mvua, kinachoumuka hakifunuliwi. Akanitazama, akatazama ufagio, akaenda zake." Ndipo akauona uso wangu. "Nimekuharibia?"

"Hapana, Mama," nikasema. Uso wangu haujui uongo, na yeye si mtoto.

Usiku ule nilikanda kama mtu anayeaga. Bakuli la bluu nililigeuza, nikalitazama, nikalitazama tena. Lakini kichwa kilikuwa chepesi, mikono inajua kazi yake, na hata kijana wa tanuri aliniambia leo unapiga mluzi. Mizani alisubiri mpaka mikate ilipotoka. Akapima mmoja. Akaumega, akanusa, akatafuna kwa muda mrefu mpaka nikatamani nimmezee.

"Leo nimefukuzwa nyumbani kwako," alisema.

"Naomba unisamehe. Yule ni mama mkwe wangu, hakujua..."

"Alijua. Nilimwambia mimi ni nani." Akafuta makombo mkononi. "Yule mwenzako aliyeondoka nilimtembelea mchana mara tatu. Kila mara nilimkuta macho, anapatana na watu bei ya viatu. Unga naweza kuupima, lakini usingizi wa mtu sina mizani yake, ndiyo maana huenda nikatazama. Mkate usio na chumvi kila mwokaji ataoka siku moja. Asiyelala ataoka kila siku."

Akatoa funguo za stoo mfukoni, akaziweka mezani palipojaa unga, mbele yangu. "Mwambie mama yako simdai radhi. Ila ule ufagio angeushusha kidogo."

Nilirudi nyumbani karibu nikimbie. Nilikuwa nimeshapanga namna ya kumwambia: nitaingia jikoni, nitaziangusha funguo mezani zilie, nitamwona anavyoruka. Mume wangu alikuwa mlangoni, tayari kwenda kinyozini kwake. Nikafungua mdomo, akaweka kidole midomoni mwake.

Akaninong'oneza. Mtu wa mchana, akaninong'oneza.

"Mama hajalala usiku kucha. Amesema hafumbi jicho mpaka ajue kama amekukosesha kazi. Usingizi umemchukua sasa hivi tu."

Alikuwa pale pale kwenye kiti chake, kichwa kimeegemea ukuta, kakumbatia nusu ya mkate usio na chumvi aliyoifunga kwenye kitambaa. Nikamwonyesha mume wangu funguo. Akafumba macho, akanishika mkono akaubana kwa nguvu, akatoka ananyata, na mlango aliufunga kwa utaratibu ambao sijawahi kuuona katika miaka yote ya ndoa yetu.

Nikaleta shuka, nikamfunika Mama mpaka kidevuni. Nikasogeza pazia, jua lisimfikie. Mara binti yetu akatoka chumbani mbio, miguu inapiga sakafu, na sauti yake ile ya Jumamosi.

"Mama, umepata? Bibi kasema..."

"Shh," nikamwambia. "Polepole. Bibi anaumuka."

Nikakaa sakafuni kando ya kiti. Macho yananiuma, kitanda kinaniita, habari imenijaa mdomoni. Funguo nikazibana ndani ya ngumi zisilie, nikamngoja.