Milia ya Jiko la Bibi Imaculata

Bibi Imaculata alikwisha koroga udongo mweupe kwenye ndoo, lakini moyo wake ulikuwa mzito. Jumapili wangekuja wageni wa posa ya mjukuu wake Rosemary, na mwanawe Polikarp alikuwa amemwomba kwa upole, ule upole wa mtu aliyekwisha amua, kwamba jiko la uani lisiribwe rangi moja. Wakwe wasije wakadhani wanaoa kwa vichaa.

Na kusema kweli, jiko lilichekesha. Kuta zake mbili za ubavuni zilikuwa na milia mipana ya udongo mweupe, jivu na mkaa, iliyopinda na kukatika ovyo, na ukuta mmoja haukufanana na mwenzake. Baba yake Imaculata ndiye aliyeianza, aliporudi kutoka vitani Burma. Alisema meli ya kivita iliyowasindikiza baharini ilipakwa hivyohivyo ili kumpoteza adui. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nani anajificha kwa kujipaka milia? Wakambandika jina la Mzee Milia, akafa nalo.

Mkewe hakucheka. Kila mwaka kabla ya Pasaka alisiriba mulemule, juu ya milia ileile, na Imaculata akairithi kazi hiyo. Lakini tangu utotoni alijiuliza kama baba yake alikuwa mwongo, na swali hilo lilimuuma kuliko kicheko cha watu.

Akachovya brashi.

"Bibi, subiri!"

Alikuwa mwalimu Makarius, anayefundisha shule moja na Rosemary. Alikuja kuleta viti vya kuazima, na sasa alisimama navyo mikononi, macho yamemtoka. Hata shikamoo aliisahau.

"Cheka tu, mwalimu. Wenzako wote wamecheka."

"Sicheki, Bibi. Shikamoo. Hii meli naijua!"

Kumbe mwalimu huyu alikuwa na ugonjwa wake: picha za manowari za zamani. Alibishana kwa simu na watu wa nchi za mbali, kutwa kucha, meli ipi ni ipi. Akamwonyesha Bibi picha moja kwenye simu, ya meli yenye milia.

"Picha hizi hazina rangi, kwa hiyo tunatazama mipaka. Mlia unaanzia wapi, unapindia wapi." Akatembea na kidole ukutani. Mlia wa mkaa ulianzia chini mbele, ukapanda, ukakatikia penye dirisha. Kwenye picha ulikatikia penye bomba la moshi. Kila mlia ulikaa mahali pake.

Bibi akapiga makofi kwa furaha. Wakazunguka upande wa pili, na furaha ikayeyuka. Huko hakuna kilicholingana na ile picha. Akaketi juu ya kinu.

"Basi. Upande huu alijipakia tu."

Makarius alipekua simu, akainua picha nyingine, akaishusha, akaitazama tena.

"Hii tuliiandika kuwa ni meli nyingine," alisema polepole. "Tumeibishania miaka. Meli hizi zilipakwa kila ubavu kivyake, Bibi, adui asizizoee, asijue hata zinaelekea wapi. Njoo uone."

Picha ya pili ilikaa juu ya ukuta wa pili bila kuacha mlia hata mmoja.

"Ni meli moja. Sisi tumeiona upande upande. Baba yako aliiona yote."

Bibi Imaculata alilia na kucheka kwa pamoja, akajifuta kwa ncha ya khanga. "Hukudanganya, baba," akauambia ukuta. Kisha akachukua ndoo yake na kupaka udongo mweupe kwenye milia myeupe tu. Jioni akamsimulia Polikarp yote.

Jumapili, mshenga alipofika uani alisimama, akaguna. "Nani kapaka hivi? Na mbona pande hazifanani?"

Bibi alifungua mdomo, lakini Polikarp, mwenye aibu zake, aliwahi kujibu huku kifua kakitoa mbele.

"Babu yangu, Mzee Milia. Pita huku, mshenga, nikuonyeshe. Zingefanana, angekuwa mwongo."