Mbeleko Mgongoni mwa Baba Régis

Mara ya kwanza Léoncie alipomwona mumewe amebeba mtoto mgongoni, alidhani ni mzaha utakaoisha kabla chai haijachemka. Népomuscène, mwanamume wa tumbo la heshima na suruali iliyonyooka kwa pasi, alikuwa amesimama uani, kitenge cha mkewe kimefungwa kifuani kwa fundo la mtu aliyezoea kufunga magunia. Mgongoni, Joëlla wa miaka miwili amelala fofofo, mdomo wazi. Ndiye Joëlla yule yule ambaye kwa mama yake hulala baada ya mabishano marefu.

Kiwanda cha sabuni ambako Népomuscène alisimamia ghala kilikuwa kimefungwa. Nchi jirani zilikuwa zimeiwekea Burundi vikwazo, mafuta ya mazuti yameadimika, na mitambo haiendi kwa maombi. Wafanyakazi waliambiwa wakae nyumbani hadi watakapoitwa. Léoncie aliyapima mambo yote yanayoweza kuharibika mume akikosa kazi. Wivu haukumjia akilini.

Kabla ya kuacha kazi ili alee watoto, alikuwa akifundisha biolojia, na bado aliamini anachokiona. Alichokiona ni kwamba Népomuscène aliunguza maharagwe, na watoto wakaomba kuongezwa. Alimwogesha Régis bila kugusa nyuma ya masikio, na Régis akatoka kwenye beseni akicheka. Alimbembeleza Joëlla kwa wimbo wa mazishi, kwa kuwa miaka hiyo ya vita ndio pekee aliokuwa ameujua hadi ubeti wa mwisho. Mtoto akasinzia kwenye ubeti wa pili.

"Mama Régis, uko na boyi mupya?" Mwantum, mke wa fundi wa magari, aliuliza kutoka ng'ambo ya michongoma. "Anabeba mutoto muzuri sana. Niazime."

"Mukamate hata leo. Lakini anakula, utajuta."

"Rachidi wangu hajui hata sahani zinakaa wapi. We uko na bahati."

"Bahati gani? Mi nilibeba huyu mutoto miezi tisa, nikamunyonyesha, na leo akianguka analia 'Papa'."

Mwantum alicheka hadi akashika ubavu. "Ee Mungu wangu! Wenzako wanaogopa bwana atapenda bibi mwingine. We unaogopa watoto watapenda bwana yako!"

Léoncie hakucheka. Jioni hiyo Régis, mwenye miaka saba na ulimi usiojua kupaka mafuta, alimwambia, "Mama, kesho we pumuzika. Papa apike." Akajibu kwamba ni sawa, kwa sauti iliyomfanya mumewe ainue macho kutoka kwenye sinia la mchele aliokuwa akiuchagua.

Kesho yake alifanya jaribio. Alimweka Joëlla katikati ya sebule, yeye akachuchumaa upande mmoja na ndizi mbivu mkononi, mumewe upande wa pili mikono mitupu. Wakamwita pamoja. Mtoto alitazama huku na huku, akaenda moja kwa moja hadi kwa mama yake, akaichukua ndizi. Kisha akageuka, akampelekea baba.

"Ameanza kwako," Népomuscène alisema, akijaribu kutenda haki.

"Nyamaza, we kula ndizi yako."

Milio ya risasi ilianza siku chache baadaye, alasiri, kutoka vilima vya juu ya chuo kikuu. Haikuwa mara ya kwanza kwa mtaa wao wa Mutanga Sud, lakini nyakati za nyuma ilimkuta Népomuscène kazini, akajikinga nyuma ya magunia pamoja na wenzake. Nyumbani, Léoncie ndiye aliyekuwa amewafundisha watoto, siku baada ya siku kama somo la darasani, kwamba mlio wa kwanza ukisikika wanakimbilia ushorobani, wanalala kifudifudi, mbali na dirisha. Népomuscène hakulijua somo hilo. Aliacha mwiko kwenye sufuria, akaenda dirishani kuchungulia.

"Papa, apana hapo!" Régis alikuwa ameshalala sakafuni. "Kuja mu kuluari! Mama alisema tukae kati ya kuta mbili!"

Alikuja akitambaa, tumbo likiburura sakafu. Joëlla, aliyekuwa kando ya mama yake, alijinasua na kumrukia, akamkumbatia shingo. Léoncie aliona. Risasi zilikuwa zikipasua hewa juu ya bati, naye alikuwa na wivu, wivu mtupu, wazi kama jino linalouma. Aliuonea aibu. Aibu haikuupunguza.

Kitu kikamgusa kifundo cha mguu. Ulikuwa mkono wa mumewe, umepapasa sementi hadi ukampata, na sasa ulikuwa umemshika kwa nguvu. Ulikuwa baridi.

"Mama Régis," alinong'ona, "wataacha saa ngapi?"

Ndivyo Régis alivyokuwa akiuliza, alipokuwa mdogo. Kwa kawaida Léoncie hakuwa mtu wa kusema asichokijua.

"Wako karibu kuacha," alisema.

Joëlla aliinua kichwa kutoka kifuani mwa baba yake, akamtazama mama. Mlio mwingine ukapiga, karibu zaidi. Vidole vya Népomuscène vilizidi kukaza, na mguu wa Léoncie ukaanza kufa ganzi. Hakuusogeza.